Kiganja cha Mwalimu wa Nidhamu

Neno lake la asubuhi lilikuwa moja tu: "Mfuko."

Hakuanza na hamjambo, wala mwakeye kama sisi Waha tunavyoamkiana. Alisimama getini, mguu mmoja ndani ya shule na mwingine barabarani, amenyoosha kiganja cha mkono wa kulia kama mtu anayepima kama mvua imeanza, anasema, "Mfuko." Mwanafunzi anageuza mfuko wake nje, kilichomo anakiweka juu ya kile kiganja. Mwalimu anatazama. Kalamu inarudi. Leso inarudi. Karanga zinarudi, ila mara nyingine moja anaila kwanza. Wembe haurudi, na mwenye wembe naye harudi.

Hakuwahi kumgusa mtoto. Walimu wengine walikuwa wanawapapasa watoto kama wanunuzi wa mbuzi mnadani, yeye hapana. Alisema, "Atakachoficha ataficha hata nikimpapasa. Mimi nataka anipe mwenyewe." Na kweli walikuwa wanampa. Sijui aliwafanyaje. Mtoto ambaye nyumbani ukimuuliza nani kamaliza sukari anakutazama machoni anasema ni panya, mbele ya kile kiganja alikuwa anatoa kila kitu.

Wazazi tulimwita Nidhamu. Alikuwa mwalimu wa nidhamu katika sekondari yetu ya kata, huku Kibondo, kabla hujafika Busunzu, na jina la kazi likameza jina la mtu. Hata mchungaji wetu alipotangaza kanisani alisema, "Nidhamu atatuongoza kwa sala." Watu wanacheka chinichini, yeye anasimama, anafunga macho, anaomba. Aliomba vizuri. Alikuwa anawataja wagonjwa wote wa kijiji kwa majina bila kusahau mtu.

Nyumba aliyokaa ilikuwa ya shule, imepakana na shamba langu la mihogo. Miaka yote ile nilimwona akitoka na akirudi. Nikieleza habari zake sielezi za kusikia.

Cha kwanza watu walichokishangaa: nyumbani kwake hapakuwa na kisu. Mwalimu mzima, ana mshahara, ana redio, ana viti vya mito, hana kisu. Chungwa alilimenya kwa kucha. Muwa aliutafuna kwa meno kama sisi tulivyofanya utotoni. Krismasi tukichinja mbuzi alikuja kusaidia kushika miguu, lakini uso anaugeuzia upande wa migomba mpaka mbuzi atulie. Akinunua kabichi ilibidi aje kwangu.

"Mama Editha, upo?"

"Nipo, mwalimu. Karibu."

"Nikatie hii."

Ameikumbatia kabichi nzima kifuani kama kichanga.

"Mwalimu, si ununue kisu? Kwa Mahfudhi vimejaa tele."

"Nikinunua kitalala wapi?"

"Kitalala jikoni! Visu vya watu wote vinalala wapi?"

"Wewe nikatie tu, mama."

Nilikuwa namkatia. Nilikata taratibu kwa sababu mkono wangu wa kushoto una vidole vitatu, naye alikaa kwenye kigoda akisubiri, akimuuliza Editha maswali ya biolojia. Editha ni mwanangu wa pekee. Alikuwa anamjibu huku anapepeta maharage, na akikosea Nidhamu anasema, "Moyo huo ni wa mbuzi, binti. Nipe wa binadamu." Tulicheka sana kwenye ua ule. Sitaki kusema hatukucheka.

Mke wake naye alikuwa mwalimu, Kasulu, hakumfuata huku kwetu. Likizo alikuja. Alikuja na kisu chake ndani ya kikapu, kimefungwa kwenye kanga, na akiondoka anaondoka nacho. Siku moja nilimuuliza, wifi, mbona hivi? Akaniambia, "Mwache. Alishaona mambo."

Mambo yenyewe tulikuwa tunayajua, maana aliyasimulia mwenyewe kila mkutano wa wazazi. Alikuwa anafundisha shule moja ya Kasulu. Wakati wa mapumziko, wavulana wawili waligombana kwa ajili ya mpira, mmoja akatoa mfukoni kisu cha kukunja. Yule mwingine alifia kwenye majani nyuma ya choo kabla gari halijafika. Nidhamu ndiye aliyekuwa zamu siku hiyo. Alikuwa anatuonyesha kidole chake cha kati: "Kisu chenyewe hakizidi hapa." Kisha anakaa, anatoa leso, anafuta kiganja. Jasho lake lilikuwa la viganjani.

Alipohamishiwa kwetu alikuja na habari hiyo kama wengine wanavyokuja na godoro. Mkuu wa shule, Bikolwa, akaipenda. Ninamtaja Bikolwa kwa sababu yeye ndiye aliyeifanya sheria. Kuna watu husema, ah, wakati mwingine wakosaji huwa wengi, huwezi kuwataja wote. Mimi hutaja. Majambazi walipotusimamisha msituni tukitoka Kasulu na mume wangu Yona, mmoja wao kitambaa kilimdondoka usoni, nikamwona ni Saimoni, mpagazi wa stendi aliyetubebea magunia yetu ya dagaa asubuhi ileile. Nilimtaja polisi, nikamtaja mahakamani akiwa amesimama ananitazama. Yona alikuwa ameshazikwa. Vidole vyangu viwili vilibaki kule barabarani, nilipomkinga Yona na panga. Kwa hiyo kutaja siogopi.

Bikolwa alichoresha maandishi kwenye geti, mekundu: HAPA HATUVUMILII. Wageni walikuwa wanauliza hamvumilii nini, hakuna wa kuwajibu vizuri. Ndani ya ofisi sheria ilikuwa ndefu zaidi. Kisu, wembe, bisibisi, msumari, sindano, bikari ya hesabu, chochote chenye ncha au makali kinachoingia mfukoni. Mara ya kwanza ndiyo ya mwisho. Hakuna onyo, hakuna viboko, hakuna kuitwa mzazi. Kufukuzwa.

Bikari walizikusanya wakazifungia kwenye sanduku ofisini. Kipindi cha hesabu Nidhamu anazileta mwenyewe, anazigawa, anakaa nyuma ya darasa mpaka mwisho, anazikusanya. Na kwa sababu watoto walikuwa wanachonga penseli kwa wembe, alinunua kichongeo cha kuzungusha kwa mkono, akakifunga kwenye meza karibu na geti. Asubuhi watoto wa kidato cha kwanza wanapanga foleni, yeye anawachongea mmoja mmoja, anapuliza ncha, anasema, "Haya, kaandike." Alikuwa mtu wa namna hiyo. Angekunyima wembe akakuchongea penseli mpaka kengele ilie.

Sasa njoo Ijumaa. Ijumaa ilikuwa siku ya vifaa. Shule ina shamba la mahindi na maharage, ina majani ya kufyeka mpaka kwenye mto, kwa hiyo kila Ijumaa mtoto aje na jembe, au fyekeo, au panga. Asiye na kifaa anarudishwa nyumbani akalete. Ungewaona barabarani asubuhi, mamia ya watoto wenye sare na mapanga begani yanang'aa, wanaimba. Na Nidhamu yuko getini. Anakagua mapanga kama yamenolewa. Butu anakurudisha.

Kwenye mkutano wa kupitisha ile sheria, fundi baiskeli mmoja alisimama. Mtu wa maneno sana yule.

"Mwalimu, mimi sijasoma. Naomba kueleweshwa. Mwanangu akija na wembe Jumatatu anafukuzwa?"

"Anafukuzwa."

"Na akija na panga Ijumaa?"

"Anapewa mstari wa kufyeka."

"Na akija bila panga?"

"Anarudi nyumbani kulifuata."

"Basi Jumatatu nitamfungia panga mgongoni, wembe auache!"

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Nidhamu hakucheka wala hakukasirika. Alisubiri. Kisha akasema polepole, "Panga naliona. Mtoto akiwa na panga nitamwona kutoka mbali, nitakimbia, nitapiga kelele, mwenzake atakimbia. Kinachonitisha mimi ni kile kilichoko mfukoni ambacho watu wote hatukijui isipokuwa mwenyewe."

Hapo kicheko kikapungua. Lakini mikono ilikuwa bado haijanyooka. Kulikuwa na mama aliyesema visu vinatoka kambini. Wakati ule kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilikuwa bado iko wazi, na kila kitu kilichopotea huku kwetu, hata kuku, walisema Warundi wa Mtendeli. Nidhamu alimkatiza. "Mama, wembe nilionao kwenye droo wote ni wa watoto wenu mliokaa hapa. Wa kambini hakuna hata mmoja." Nilimpenda kwa neno lile.

Halafu akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, mkono wangu nimeufunika kwa kitenge kama kawaida yangu kwenye watu wengi. Akaninyooshea kidole.

"Mnauliza makali yanafanya nini? Mama Editha yuko pale. Mwangalieni mkono."

Vichwa vyote viligeuka. Mtu wa pembeni yangu, bila nia mbaya, akanifunua kitenge ili waone. Mikono ikaanza kunyooka, mmoja, mwingine, ukumbi mzima. Bikolwa akasema imepita kwa kauli moja. Mimi sikunyoosha. Hakuna aliyeniuliza kama nanyoosha au sinyooshi. Jioni Nidhamu alikuja na kabichi, nikamkatia, wala hatukulizungumza. Yeye alidhani amenipa heshima. Nilimwona usoni kwamba alidhani hivyo.

Alikuwa na mambo mawili aliyoyafuatilia kuliko yote: mifuko na nywele. Shule zetu mtoto hafugi nywele, wasichana kwa wavulana. Kila Jumatatu mstarini anapita nyuma ya vichwa, anaweka rula. Nywele zikipita alama fulani unarudi nyumbani. Sasa mtoto anayetoka Busunzu kwa miguu, mama yake ameamkia shamba, kinyozi yuko Kibondo mjini, atanyolewa na nani? Wasichana walinyoana wenyewe. Na fundi wao alikuwa Editha.

Mkono wake ulikuwa mwepesi. Alijifunzia kichwani kwangu, kwa kuwa mimi kujinyoa siwezi. Jumatatu asubuhi wasichana walimsubiri chini kwenye migomba, kabla ya kupanda kwenda getini. Ana wembe wake mmoja, anautunza kwenye karatasi yake, unatumika wiki nzima. Akimaliza anauficha chini ya jiwe, jioni anauchukua. Nidhamu alijua. Nasema alijua kwa sababu mara nyingi akipita na rula yake anasimama nyuma ya msichana fulani anasema, "Nani amekunyoa vizuri hivi?" Msichana anacheka. "Editha, mwalimu." Naye anasema, "Mwambieni nami nitakuja." Alikuwa na upara.

Jumatatu ile mvua ilianza kabla hakujapambazuka. Editha aliwanyoa wenzake chini ya majani ya migomba, maji yanawatiririkia shingoni. Alipomaliza akaenda kwenye jiwe lake, akakuta chini pamejaa maji. Wembe ule ulikuwa mpya, ameununua Jumamosi. Akaona utashika kutu. Wembe wenye kutu unaleta vipele kichwani, na wiki ijayo atawanyolea nini? Akaukunja kwenye karatasi yake, akautia mfukoni, akapanda na wenzake.

Hilo ndilo kosa lake lote. Aliuonea huruma wembe.

"Mfuko."

Editha aligeuza mfuko. Alikuwa na leso, kipande cha muhogo wa kuchemsha na ule wembe. Akaviweka vyote juu ya kiganja. Wenzake waliokuwa nyuma yake wameniambia, na mwenyewe ameniambia: hakujaribu hata kuficha. Alidhani mwalimu atajua. Alimtazama usoni akatabasamu, kwa sababu yule alikuwa mtu aliyekaa kwenye kigoda cha nyumbani kwao.

Na kile kiganja kilibaki wazi. Hicho ndicho ninachokisema siku zote. Mvua inanyesha, watoto wamejikunyata, wanataka kuingia ndani, hakuna anayechungulia mkono wa mwalimu. Angekifumba tu. Angefumba, angesema "Pita," angeutupa wembe chooni, angekuja jioni kunifokea mimi. Badala yake alisimama na kiganja wazi mpaka wa nyuma wakaona, mpaka mwalimu wa zamu akaona, na maji yakawa yanajaa ndani ya karatasi ya wembe. Kisha akamwambia, "Simama pembeni, binti."

Nilikwenda ofisini na matope ya shamba miguuni. Bikolwa yuko nyuma ya meza. Mwenyekiti wa bodi, Mahfudhi, yule mwenye duka, naye kaitwa amekuja na pikipiki. Nidhamu amesimama dirishani, ametupa mgongo.

"Mama, hii sheria tuliipitisha wote," Bikolwa alisema.

"Mimi sikunyoosha mkono."

"Muhtasari unasema kauli moja."

"Mkuu, mtihani wa kidato cha nne uko mlangoni. Mtoto ameshasajiliwa. Mchapeni. Mpeni kulima shamba lote la shule peke yake. Wembe ni wa nywele, na nywele ni ninyi mliotaka zinyolewe!"

"Tukianza kusema huu wa nywele, huu wa penseli, huu wa kucha, tutaishia wapi?"

Nikamgeukia Mahfudhi. "Alhaji, wembe huu umetoka dukani kwako. Umemuuzia Jumamosi, unamfukuza Jumatatu?"

Hakuona aibu. "Mimi nauza hata sumu ya panya, mama. Nikikuuzia nimekwambia uinywe?"

Nilipiga magoti. Nilipiga magoti si kwa Bikolwa, nilimwelekea yule wa dirishani. Nikamwambia, "Mwalimu, sema neno. Wewe unamjua huyu mtoto." Hakugeuka. Alisema akiwa ameangalia nje, "Mama Editha, simama. Nikimjua mmoja, itabidi niwajue wote."

Bodi ilikaa, ikathibitisha. Mtihani ulifanyika bila Editha. Alikuwa anataka unesi. Watu wakamwambia afanye kama mtahiniwa wa kujitegemea mwaka unaofuata, wengi wanafanya hivyo, lakini yeye kila ukimtajia anainuka anaondoka. Njia ya kutoka kwetu kwenda popote inapita mbele ya lile geti na maandishi yake mekundu. Akawa hatoki. Kisha siku moja akatoka moja kwa moja, akaenda Manyovu mpakani, akaanza kuwapikia madereva wa malori. Hajarudi nyumbani. Nikimpigia anapokea, anasema, "Mama, shikamoo, nina wateja," basi. Ukisikia watu wanasema mtoto wangu yuko hai, ni kweli yuko hai.

Nidhamu alibaki jirani yangu. Kabichi hakuleta tena. Msimu wa palizi nilikwenda shambani nikakuta matuta yangu ya upande wake yamepaliliwa. Nikajua ni nani. Siku ya pili nikamvizia, nikamkuta ameinama na jembe, shati limelowa.

"Toka shambani kwangu."

"Nimalizie tuta hili, mama."

"Nimesema toka. Huna mihogo yako?"

Akatoka. Kesho yake nikakuta ameendelea. Nilimfukuza kila msimu, na kila msimu alipalilia. Majirani waliniona mtu mbaya. Hata mchungaji alinijia, mama, samehe, mtu anakulimia. Nikamwambia mchungaji, mimi sikuomba kulimiwa. Niliomba neno moja ofisini.

Alistaafu, akahama bila kuaga. Sikumwona kwa muda mrefu, mpaka mwaka huu.

Nilikuwa nimekwenda Kasulu hospitali kupima macho. Niliporudi stendi nikaona muda bado, nikaingia sokoni. Alikuwa amekaa kwenye sanduku la soda upande wa ndizi, amekonda, koti limemzidi, fimbo katikati ya magoti. Nilitaka kupita. Akaniona.

"Mama Editha."

"Mwalimu."

"Editha hajambo?"

Nililomjibu sikuwa nimelipanga. Miaka yote nilikuwa nimepanga maneno mengi makali, nayarudia nikiwa napalilia, nikipika. Likatoka moja tu. "Kwa nini hukufumba mkono?"

Hakuuliza mkono gani. Alivitazama viganja vyake kwanza, akavipangusa kwenye koti.

"Niliwahi kufumba," alisema.

Nikadhani uzee. Nikasema, "Hukufumba. Watoto waliona."

"Si kwa Editha. Hapa. Kasulu." Akashusha sauti, watu walikuwa wanapita na matenga. "Yule kijana wa kisu. Asubuhi ile nilikuwa getini. Nilimwambia mfuko, akaniwekea kisu hapa. Mtoto mpole, hana baba, mama yake anateseka naye. Akaniambia ni cha kumenyea mihogo, mwalimu. Ilikuwa kweli, nilikuwa namjua. Nikafumba mkono. Nikamrudishia, nikamwambia kisionekane. Saa ya mapumziko..."

Sikumsaidia kumaliza.

"Nani anajua?" nikamuuliza.

"Mke wangu alijua, amekufa. Sasa na wewe."

"Na mama wa marehemu?"

Aliinua kidevu kuelekea mbele, kidogo tu. Kule mbele mwanamke wa umri wangu, amefunga kilemba cha kijani, alikuwa anapanga ndizi mbivu juu ya turubai.

"Nanunua kwake kila siku ya soko," alisema. "Hali yangu hairuhusu ndizi, sukari imenipanda. Nanunua nawapa watoto wa njiani. Kila siku nasema leo nitamwambia."

Nilikaa naye. Sikumwambia nimekusamehe, na mtu asije akasema nilisamehe. Nilimwambia, "Mwanangu hakuwa na ugomvi na mtu. Umemlipisha deni la kisu kisicho chake." Akasema, "Ndiyo, mama." Nikamwambia, "Ungeniambia siku ile dirishani, ningejua kinachoniua ni nini." Akasema tena, "Ndiyo, mama." Machozi yalikuwa yanamshuka hayafuti, watu wanamwamkia, "Shikamoo mwalimu," anaitikia, "Marahaba," kama kawaida.

Bikolwa nimemtaja. Mahfudhi nimemtaja, na Saimoni. Huyu ningeweza kumtaja jina lake na la baba yake, nayajua. Lakini nikifanya hivyo kuna mtu atamsomea yule mwanamke wa ndizi, na atakuwa amelipata neno hili kwa mgeni badala ya kulipata kwa mwenye nalo.

Nilipoondoka ilibidi nipite mbele ya turubai lake. Alikuwa ametuona.

"Dada, karibu ndizi. Unamfahamu mwalimu wetu?"

"Namfahamu. Alikuwa jirani yangu Kibondo."

"Mtu wa Mungu yule. Nilipofiwa na mwanangu alichimba kaburi kwa mikono yake, akakataa kupokewa jembe." Alikuwa ananichagulia chana huku anaongea, anabonyeza kwa kidole kuona zilizoiva. "Na wewe alikusaidia eh?"

Nilisimama pale. Nyuma yangu nilijua mzee anatutazama na hawezi kusikia tunasema nini. Neno lilikuwa mdomoni, lote.

"Alimfundisha binti yangu," nikasema.

"Yuko wapi huyo binti?"

"Manyovu."

"Si hapo tu!" Akaongeza chana la pili juu ya la kwanza, akanifungia kwa kamba ya mgomba. "Hili si la kuuza. Mpelekee mtoto. Mwambie limetoka kwa mama mwenzio."

Kondakta wa basi la Kibondo aliniita, "Mama, twende, nafasi imebaki yako!" Nikamwambia aende. Nikavuka upande wa pili yanakopakia magari ya Manyovu, nikakaa dirishani na ndizi mapajani. Zilikuwa zimeiva sana. Kama si leo, kesho zingekuwa za kutupa.